Ndege ya Mwali, 2022: ilishaanza kutua, iliangukaje baharini?

#1 Mjukuu wa Ngazija
Salaam wakuu.

Tarehe 26 Februari 2022 Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja yenye usajili wa Tanzania, iliondoka Moroni, mji mkuu wa Komoro, kwenda kisiwa cha Mwali (Mohéli). Ndani walikuwamo abiria 12 na marubani wawili Watanzania. Ilipotea kwenye rada ikiwa kilomita 2.5 tu kutoka Djoièzi, kijiji kilicho jirani na uwanja wa Bandar Es Salam. Hakupona mtu.

Kinachonitesa ni kwamba safari yenyewe ni ya kisiwa hadi kisiwa, bahari ilishavukwa, imebaki kushuka tu. Ingekuwa katikati ya mkondo ningeelewa. Pale mlangoni kabisa inakuwaje? Upande wa bibi yangu ni watu wa Mwali, na msiba huu ukitajwa kila mtu ana lake: upepo, injini, mafuta, uchovu. Naomba wanaojua urubani na ufundi wa ndege waje. Ramli sitaki. Nataka kuelewa ndege ndogo hupatwa na nini katika dakika zile za mwisho.

#2 Kiti cha Dirishani
Poleni wafiwa. Nimeweka mkeka, nasubiri wataalamu.

#3 Mzee wa Kaskazi
Tazama kalenda, mwanangu. Februari ni kaskazi, na Komoro huo ndio msimu wa mvua. Wiki hiyo hiyo kimbunga Emnati kilikuwa kimetoka kuipiga Madagaska. Mimi ni mtu wa jahazi, si wa ndege, lakini wingu la mvua la kaskazi nalijua. Bahari inakuwa shwari kabisa, halafu upepo unatoka chini ya wingu na kupinda mlingoti kabla tone la kwanza halijakugusa. Kama hilo linaangusha tanga la nahodha mzoefu, kiberiti kile cha injini moja kitafanya nini?

#4 Fundi Propela
Mzee wa Kaskazi kagusa penyewe, niongeze kidogo.

Wingu kubwa likimwaga mvua, hewa baridi inaporomoka pamoja na maji, inagonga uso wa bahari na kutawanyika pande zote. Ndege inayokuja kutua inapoingia hapo inapokewa kwanza na upepo wa mbele. Kipimamwendo kinapanda, pua inainuka, rubani anaona ana mwendo wa ziada, anapunguza nguvu ya injini. Sekunde chache baadaye yuko katikati, hewa inamkandamiza chini. Anatokea upande wa pili, upepo sasa uko mgongoni, mwendo wa hewa juu ya mbawa umekatika ghafla. Na nguvu alishaipunguza.

Piga hesabu. Mteremko wa kawaida wa kutua ni digrii 3. Ukiwa kilomita 2.5 kutoka mwanzo wa njia ya kutulia uko kimo cha mita 130 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 165 kwa saa, hizo mita 130 zinakwisha chini ya dakika moja hata kama kila kitu kiko sawa. Kikiharibika kitu hapo, muda wa kujaribu mara mbili haupo. Juu, katikati ya mkondo, angalau una kimo cha kutumia.

#5 Binti Fomboni
Asante Fundi, ila ile kilomita 2.5 ilitajwa kutoka Djoièzi, haikutajwa kutoka uwanjani. Kijiji ni kijiji na njia ya ndege ni njia ya ndege. Hesabu yako iwe mfano tu, watu wasije wakaibeba kuwa ndicho kimo cha ndege ile.

#6 Fundi Propela
Umenena dada. Ni mfano wa jinsi nafasi inavyokuwa finyu, basi.

#7 Rubani wa Zamani
Nimeruka visiwani miaka mingi, Caravan ikiwemo. Upepo ni adui, nakubali. Lakini mimi naogopa zaidi macho.

Ukiwa juu ya nchi kavu macho yanapima kimo bila wewe kujua: mnazi ule, paa lile, ng'ombe wale. Juu ya bahari tulivu hakuna kitu cha kupimia. Ikishuka mvua nyepesi, mbingu na maji vinakuwa rangi moja ya kijivu na mstari wa upeo unapotea. Hapo akili inakudanganya kwamba uko juu kuliko ulivyo, na wewe unazidi kushuka ukiamini unasahihisha.

Siku moja nilikuwa nashuka kwenye kisiwa kimoja, uwanja nimeshauona. Pazia la mvua likaingia kati yangu na kisiwa. Kioo kikawa cheupe, kelele za matone zikafunika redio. Nikateremsha macho kwenye kipimakimo: futi 400, na mbele hakuna kitu. Nikasukuma nguvu zote, nikapanda, nikaenda kuzunguka mbali mpaka mvua ilipopita. Abiria mmoja alinigombeza chini kwamba nimemchelewesha boti. Nilimwitikia tu. Wakati ule magoti yalikuwa bado yanatetemeka.

Hilo ndilo lililompata John F. Kennedy Mdogo, tarehe 16 Julai 1999. Alikuwa anateremka usiku kwenda kisiwa cha Martha's Vineyard na Piper Saratoga, kuna ukungu mwembamba, hana upeo. Wachunguzi wa Marekani walisema alipoteza udhibiti kwa kuchanganyikiwa na mwelekeo. Yeye, mkewe na shemeji yake wakafa. Injini ilikuwa nzima.

#8 Kiti cha Dirishani
Rubani, Kennedy ilikuwa usiku. Ndege ya Mwali iliruka mchana kweupe.

#9 Rubani wa Zamani
Mchana wa mvua juu ya bahari unaweza kukunyima upeo vilevile. Sisemi ndicho kilichotokea. Nasema mchana si kinga.

#10 Kisauni Boy
Wakuu mmeisahau ya Kenya Airways Abidjan? Ilikuwa inatua usiku ikaingia baharini, wakafa karibu wote.

#11 Msomaji Mkongwe
Kisauni, umeingia chaka kaka. Kenya Airways 431, tarehe 30 Januari 2000, ilikuwa *inapaa* kutoka Abidjan. Walikuwemo watu 179, wakafa 169, wakapona 10. Na haikuwa ndege ndogo, ilikuwa Airbus A310. Mara tu ilipoacha ardhi kengele ya tahadhari ililia kwamba mbawa zinaishiwa mwendo, na ilikuwa kengele ya uongo. Rubani akashusha pua, mbele yake giza la bahari.

#12 Kisauni Boy
Sawa profesa 😄 Ila giza la bahari limo, kwa hiyo hoja ya #7 nimeipa nguvu.

#13 Chuma cha Pua
Mnazunguka mbuyu. Injini MOJA. Ikizima, unakwenda wapi? Serikali zetu zipige marufuku ndege za injini moja kubeba abiria juu ya maji, kesi iishe.

#14 Fundi Propela
Chuma, taratibu. Injini ya Caravan ni PT6A ya Pratt & Whitney Canada, na katika injini za propela hizo ni miongoni mwa zinazoaminika sana duniani. Ndiyo maana ndege hizi ndizo zinazohudumia visiwa na mbuga. Huzima, ndiyo, lakini kuzima peke yake si kifo.

Tarehe 11 Desemba 2013 Caravan moja ilipaa kutoka Kalaupapa, kisiwa cha Molokai, Hawaii, injini ikafa ikiwa juu ya bahari. Rubani aliishusha majini ikiwa imenyooka. Walikuwa tisa, wote wakatoka nje wakaelea. Mmoja alifariki humo majini kabla ya kuokolewa, wanane wakarudi nyumbani. Injini ikifa na mwendo bado unao, una ndege isiyo na nguvu lakini inayokusikiliza. Mwendo ukikatika karibu na maji, huna ndege.

#15 Chuma cha Pua
Hao wa Hawaii walipata bahari nzuri. Matairi ya Caravan hayakunjiki, yananing'inia muda wote. Yakigusa maji yanashika, pua inachimba, ndege inageuka kichwa chini. Hapo mtasemaje?

#16 Rubani wa Zamani
Hapo nakuunga mkono nusu. Hatari ya kupinduka ipo, tena kubwa kwenye mawimbi mafupi ya kaskazi. Namna ya kuipunguza ni kugusa maji kwa mwendo mdogo kabisa, mkia ukiwa chini, sambamba na mgongo wa mawimbi. Ila hayo yanamhitaji rubani ambaye alijua anakwenda majini. Aliyedhani bado ana mita mia hajajiandaa kwa lolote.

#17 Mama Rwegasira
Mimi ni mtu wa Bukoba. Mnaongea habari za bahari, sisi tuna ziwa letu na msiba wetu. Novemba 6, 2022, Precision Air kutoka Dar, asubuhi ya mvua, uwanja tunauona kwa macho, ndege ikaishia majini kabla ya kufika. Mdogo wangu alikuwa ufukweni. Anasema mkia ulibaki juu ya maji, na watu wa nchi kavu walisimama wakiamini wote wako salama kwa sababu ndege ilikuwa karibu mno. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi. Kijana Majaliwa Jackson alisifiwa kwa kusaidia kuwaokoa watu kupitia mlango wa nyuma. Walipona 26.

#18 Msomaji Mkongwe
Pole mama. Idadi ya 26 ilitangazwa mwanzoni kabisa. Waliokuwemo ni 43, abiria 39 na wafanyakazi wa ndege wanne. Waliofariki ni 19, marubani wote wawili wakiwemo, na waliopona ni 24.

#19 Mama Rwegasira
Kwetu namba hizo zina majina. Lakini nashukuru, iandikwe sawa.

Ninachotaka kusema ni kwamba karibu na nchi kavu si salama kama hakuna boti iliyowashwa. Viwanja vyetu vingi viko ukingoni mwa maji. Je, vina boti ya uokoaji? Ina mafuta? Nani ana ufunguo? Msiniambie habari za digrii 3 kabla hamjanijibu hilo.

#20 Mzee wa Kaskazi
Huyu mama kasema jambo zito kuliko sisi wote. Mwali nako ni hivyo hivyo, waliotoka kwanza kutafuta ndege zinapozama ni watu wa ngalawa na mitumbwi.

#21 Ndugu Mpole
Samahani kwa kuuliza kama mtoto: na mafuta? Inawezekana rubani akaruka bila kujua mafuta hayatoshi?

#22 Fundi Propela
Imewahi kutokea, na si kwa uzembe wa rubani pekee. Tuninter 1153, tarehe 6 Agosti 2005, ATR 72 iliyotoka Bari, Italia, kwenda Djerba, Tunisia. Mafundi waliifunga kipima mafuta cha ATR 42, ndege inayofanana nayo lakini ndogo zaidi. Kikaonyesha mafuta yapo wakati matangi yamekauka. Injini zote mbili zikazima, wakageukia Palermo, hawakufika uwanjani. Kati ya watu 39 walikufa 16. Kwa hiyo Chuma, ndege ile ilikuwa na injini mbili.

#23 Chuma cha Pua
Umenichoma kwa kisu changu. Lakini sijahama: mbili ni bora kuliko moja.

#24 Mjukuu wa Ngazija
Nawasoma wote. Swali jingine: kwa nini mpaka leo tunabishana? Si wangefungua kisanduku cheusi wakasikiliza?

#25 Karani wa Anga
Nafanya kazi karibu na mambo haya, nieleze utaratibu.

Ajali ya ndege ya kiraia inachunguzwa kwa kufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Anayeongoza ni nchi ilipotokea ajali, hapa Komoro. Nchi iliyosajili ndege ina haki ya kutuma mwakilishi, kwa maana ya Tanzania. Nchi ya watengenezaji pia: Marekani kwa Cessna, Kanada kwa injini. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Na lengo lake si kumtafuta wa kumfunga, ni kuzuia ajali nyingine. Watu wengi hili huwaudhi lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Kuhusu kisanduku: kanuni za kimataifa za vinasa sauti na kumbukumbu za safari kwa muda mrefu zimewekewa mpaka wa uzito wa kilo 5,700. Caravan ikiwa imejaa haifiki tani 4. Nyingi zinaruka bila kinasa chochote. Kwa hiyo ikianguka kwenye maji yenye kina, wachunguzi wanabaki na vipande vinavyoelea, mazungumzo ya redio, rada na taarifa ya hali ya hewa.

#26 Binti Fomboni
Hili ndilo linalotuuma. Ndege ya abiria mia ikianguka dunia nzima inashusha mitambo kwenye kina cha bahari. Sisi wa visiwani tunaopanda hivi vidogo kila wiki, vipande vinaokotwa, dua inasomwa, na mama anakaa miaka hajui mwanawe alipatwa na nini. Kinasa kidogo cha kisasa hakina uzito wa kumzidi mtoto. Kwa nini kisilazimishwe kwenye kila ndege inayouza tiketi, hata iwe ya watu watano?

#27 Msomaji Mkongwe
Naunga mkono. Mfano ni Yemenia 626, Juni 30, 2009, hapo hapo Komoro, ikizunguka kutua Moroni usiku. Kati ya 153 alipona binti mmoja tu. Vinasa vilitolewa baharini, ndipo ikajulikana kwamba ndege ilikuwa inafanya kazi na kwamba vitendo vya marubani kwenye usukani viliifanya ipoteze mwendo wa kubeba mbawa. Septemba 2022 mahakama ya Paris ikalitia shirika hatiani. Bila vile vinasa hata kesi ingeyumba.

#28 Rubani wa Zamani
Na mtaona, ndege kubwa, sababu ni zile zile: usiku, bahari, kugeuka karibu na uwanja, mwendo umepungua.

#29 Chuma cha Pua
Ukisema "sababu ni zile zile" umeshahukumu na ya Mwali. Watetee marehemu, hawawezi kujibu.

#30 Rubani wa Zamani
Sijahukumu na sitahukumu. Wale wawili ni wenzangu wa kazi. Nikitaja makosa ya macho nataja udhaifu wa kila binadamu aliyewahi kushika usukani, mimi wa kwanza.

#31 Ndugu Mpole
Halafu kuna ile mitambo inayotuma ishara ndege ikianguka. Haifanyi kazi?

#32 Karani wa Anga
Ipo, inatuma kwa megahezi 406 kwenda kwenye satelaiti. Lakini mawimbi hayo ya redio hayapenyi maji. Ndege ikizama haraka pamoja na antena, satelaiti haisikii kitu. Vinasa vya ndege kubwa vina king'ora cha sauti kinachosikika chini ya maji. Ndege isiyo na kinasa mara nyingi haina na king'ora.

#33 Kisauni Boy
Mimi kesho kutwa nakwenda Mafia na hiyo hiyo Caravan. Mmenipa homa. Nikae wapi? Na lile jaketi la kuokolea nilivae toka nyumbani? 😅

#34 Rubani wa Zamani
Lisikilize hili kwa makini, mdogo wangu, na wote wanaosoma.

Jaketi livae au liweke kiunoni kama utakavyoelekezwa, lakini USILIJAZE hewa ukiwa ndani. Ndege ya Ethiopia namba 961 ilipotekwa na kuishiwa mafuta, Novemba 23, 1996, iliangukia karibu na ufukwe wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, waogeleaji wanaiona. Kati ya 175 walikufa 125. Wengi walikuwa wamejaza majaketi ndani. Maji yalipoingia yakawainua na kuwabana juu, mlango uko chini yao, hawawezi kuzama kuufuata. Toka kwanza, ukiwa nje ndipo uvute kamba.

Caravan ina milango miwili ya mbele kwa marubani, mmoja kila upande. Mlango wa abiria uko nyuma kulia, wa mizigo nyuma kushoto. Ukishakaa, hesabu viti kutoka chako hadi mlango wako kwa kugusa kwa mkono, kwa sababu majini hutaona. Tazama kishikio kinageukia upande gani. Ikitokea la kutokea, mkono mmoja ushike kitu kisichosogea kuelekea mlangoni, mwingine uwe kwenye kifungo cha mkanda. Usifungue mkanda mpaka ndege isimame kabisa. Ukifungua mapema na ndege ikapinduka, hutajua juu ni wapi.

#35 Kisauni Boy
Asante mkuu. Nimeipiga picha hii, namtumia na mke wangu.

#36 Mama Rwegasira
Ungeyasema haya kwenye spika ya kila uwanja, si huku tu. Maelezo ya ndani ya ndege watu wanayasikiliza huku wanachati.

#37 Mzee wa Kaskazi
Kisauni, panda ya asubuhi. Mchana kaskazi wingu linakuwa limeshajijenga.

#38 Binti Fomboni
Mzee, kwetu mvua ya kaskazi hunyesha hata alfajiri. Asiangalie saa, amuulize wakala kama rubani anaruhusiwa kughairi kutua bila kukatwa mshahara. Jibu la hilo lina uzito kuliko wingu.

#39 Chuma cha Pua
Wakala gani atakujibu hilo, dada?

#40 Binti Fomboni
Ndiyo maana nataka abiria waanze kuliuliza.